Binyavanga Wainaina na Tatizo la Jina

Tarehe 18 Januari 2014 mwandishi Mkenya Binyavanga Wainaina alitimiza umri wa miaka 43, na siku hizo hizo likatolewa andiko lake fupi lenye kichwa "I am a homosexual, Mum". Lilichapishwa na jarida la Chimurenga la Cape Town pamoja na jarida la intaneti liitwalo Africa is a Country, nalo lilitajwa kuwa ni sura iliyopotea ya kitabu chake cha mwaka wa 2011. Kwa andiko hilo akawa miongoni mwa waandishi wachache sana wenye sifa kubwa katika Afrika waliotangaza mbele ya watu wote kwamba ni wanaume wenye kupenda wanaume wenzao. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya ushujaa wa tendo hilo, na mengi pia juu ya ubaya wake, kwa kadiri ya imani ya kila msemaji. Jambo ambalo halikuangaliwa sana ni la lugha. Mtu huyu aliishi kati ya lugha nyingi, na kazi yake yote ilikuwa kupima kila moja yaweza kubeba nini. Walakini ilipofika siku ya kusema neno zito kuliko yote, alilisema kwa Kiingereza, tena kwa umbo la mchezo wa kuigiza, akimwambia mama aliyekuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka 13. Yafaa kuifuata kazi yake hadi siku hiyo, na kuuliza kwa nini Kiswahili, ambacho yeye mwenyewe alikihesabu kuwa lugha ya udugu, hakikupewa nafasi katika neno hilo.

Kenneth Binyavanga Wainaina alizaliwa Nakuru, katika Bonde la Ufa la Kenya, mwaka wa 1971. Baba yake alikuwa Mkikuyu, mkuu wa Bodi ya Pareto ya Kenya. Pareto ni zao ambalo wakulima wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania nao wamelijua kwa muda mrefu. Mama yake alitoka Bufumbira, upande wa Kisoro, mahali ambapo Uganda hupakana na Rwanda na Kongo, naye alikuwa na duka la kutengeneza nywele za wanawake mjini Nakuru. Kwa desturi ya Wakikuyu mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la babu mzaa mama. Ndiyo maana mtoto wa Mkikuyu akapata jina ambalo Wakikuyu wenyewe hawakulijua. Shina -vanga katika Kinyarwanda, ambacho Kifumbira ni lahaja yake, lina maana ya kuchanganya. Ni vigumu kupata jina lililomfaa mtu zaidi ya hilo, ingawa majina hayana kawaida ya kutabiri.

Nyumbani kwao watoto walizungumza Kiingereza, na Kiswahili walikitumia pamoja na watumishi, majirani na watoto wa mtaani. Kikuyu cha baba hakuwa nacho vizuri, na Kifumbira cha mama kadhalika. Hali hii haifanani na hali ya mtoto wa kijijini. Mtoto wa Lupembe, katika nchi ya Wabena, husikia Kibena nyumbani na Kiswahili darasani, na kila lugha ina mahali pake na watu wake. Akifuatana na mkubwa wake mpaka Makambako, penye njia panda, huenda akasikia Kihehe na Kikinga, na maneno mengi huyakisia kwa sababu ya undugu wa lugha hizo. Mtoto wa Nakuru alizungukwa na Kikuyu, Kikalenjin, Kijaluo, Kigujarati na nyinginezo, na asiwe mwenyeji wa hata moja. Katika kitabu chake One Day I Will Write About This Place, kilichotoka mwaka wa 2011, Binyavanga aeleza kwamba alipokuwa mdogo alizitungia lugha hizo zote jina moja: Kimay. Kimay ilikuwa lugha yoyote aliyoisikia kila siku na asiweze kuisema.

Mwanafunzi wa sarufi atalipenda neno hili. Kiambishi ki- ndicho kile cha Kiswahili, Kibena na Kiingereza, ambacho hutaja lugha au namna ya kufanya jambo. Lakini mbele yake huwa pana jina la watu au la nchi: Waswahili, Ubena, Waingereza. May si watu wala si nchi. Mtoto ameichukua kanuni kamili, akaitia shina lisilo na maana, akapata lugha isiyo na wenyewe. Katika kitabu hicho Kimay si jambo la utoto tu, kwani hurudi tena na tena kila mwandishi anapokutana na sauti inayomgusa na asiweze kuitafsiri, hata sauti za ala za muziki. Wahakiki wengi wamelichukua neno hili kama alama ya Kenya yenye makabila mengi, na hapana shaka hiyo ni sehemu ya maana yake. Lakini kitabu chenyewe kina mambo mawili ambayo mtoto huyo ayasikia moyoni na hana lugha ya kuyasema, na moja tu ndilo linalotajwa humo. La pili lilingoja miaka mitatu.

Habari za masomo yake hazihitaji maneno mengi. Alipita shule ya msingi ya Moi mjini Nakuru, kisha Mang'u na Lenana, shule mbili zenye sifa. Mwaka wa 1991 akaenda Afrika ya Kusini kusoma biashara katika Chuo Kikuu cha Transkei. Hakumaliza. Kwa muda mrefu alijifungia chumbani na vitabu vya hadithi, akapotewa na shahada, na hatimaye akahamia Cape Town ambako alijipatia riziki kwa kuandika juu ya mapishi na safari. Mambo haya ayaeleza mwenyewe bila kujihurumia. Mwaka wa 1995 alirudi kwao kwa ziara, akafika hadi Kisoro kwenye mkutano wa jamaa wa mama yake. Safari hiyo ndiyo iliyozaa "Discovering Home", andiko ambalo mwaka wa 2002 lilimpatia Tuzo ya Caine ya uandishi wa Afrika.

Katika maandiko yake ya safari za Kenya mna fikra moja ambayo wataalamu wa lugha wangepaswa kuijua. Asema kwamba Mkenya wa mjini ana nafsi tatu, na kila nafsi ina lugha yake. Akisema Kiingereza, ni mtu wa madaraka na wa dunia nzima; akisema Kiswahili, ni ndugu wa wananchi wenzake; akisema lugha ya mama, ni mwanakijiji aliyetulia au mtu wa mjini anayekumbuka kwao. Wataalamu wa lugha na jamii wameandika mengi juu ya mgawanyo wa namna hii, lakini ni nadra kuuona umeelezwa kwa ufupi kiasi hicho, na mtu ambaye nafsi yake ya tatu ilikuwa na upungufu. Maana yeye hakuwa na kijiji cha lugha cha kurudia. Alikuwa na Kiingereza cha madaraka na Kiswahili cha udugu, na baada ya hapo Kimay.

Aliporudi na fedha za tuzo, pamoja na wenzake alianzisha jarida la Kwani?, ambalo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka wa 2003. Jina lenyewe ni somo. Katika Kiswahili sanifu kwani huleta sababu, na pia huanzisha swali la mtu asiyeridhika na aliyoambiwa. Ni swali hilo walilolikusudia, na wakalitilia alama yake ili pasiwe na shaka. Jarida lilikubali Kiingereza, Kiswahili na Sheng, yaani ile lugha ya vijana wa Nairobi yenye sarufi ya Kiswahili na maneno ya kila upande. Baadhi ya walimu wa vyuo vikuu walilaumu, wakisema kwamba huko ni kuharibu lugha na kuchapisha kila kitu bila kuchuja. Lawama hizo hazikuwa tupu, kwa kuwa si yote yaliyotoka humo yaliyostahili wino. Lakini mwaka huo huo wa 2003 hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyochapishwa na Kwani?, "Weight of Whispers", ilipata Tuzo ya Caine, na baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007 jarida lilitoa toleo la tano, lenye sehemu mbili, ambalo limebaki kuwa ushahidi muhimu wa miezi ile. Mhariri aliyefungua mlango kwa Sheng alikuwa ameamua kwamba mtu asikatazwe kusema kwa sababu lugha yake haijapata kamusi. Uamuzi huo wahusu pia habari inayofuata.

Mwaka wa 2005 jarida la Granta la London lilichapisha kejeli yake, "How to Write About Africa", ambayo humpa mwandishi wa Ulaya maagizo ya namna ya kuliharibu bara zima kwa kalamu. Ndiyo kazi yake iliyosomwa kuliko zote, nayo yasomeshwa mpaka leo. Kwa makala hii yatosha kutaja umbo lake: mwandishi hasemi kwa sauti yake mwenyewe, bali avaa sauti ya mtu amchukiaye na kuiigiza mpaka mwisho. Huo ni ufundi wa mwigizaji. Baadaye aliongoza kituo chenye jina la Chinua Achebe katika Bard College, jimbo la New York, na mwaka wa 2007 alikataa heshima aliyotaka kupewa na Baraza la Uchumi la Dunia. Sifa alikuwa nazo. Mahali pa kusemea hakukosa.

Hapa ndipo inapobidi kuuliza habari za jukwaa. Katika Marekani na Uingereza, tangu miaka ya 1960 na 1970, watu wenye kupenda jinsia yao walijieleza kwanza na zaidi katika nyumba za michezo. Harvey Fierstein wa New York, mtunzi na mwigizaji kwa pamoja, mwaka wa 1983 alipata tuzo mbili za Tony kwa mchezo mmoja, Torch Song Trilogy: moja ya utungaji na moja ya uigizaji. Mchezo huo nao una mwana anayemkabili mama yake na kumtaka asikie. Kwa nini Afrika ya Mashariki, yenye mapokeo makubwa ya michezo, haikupata mtu wa namna hiyo?

Sehemu ya jibu ni katika sheria za maonyesho. Andiko la kitabu halihitaji cheti, lakini mchezo hukusanya watu, na mkusanyiko huhitaji ruhusa. Serikali za ukoloni zilijua hivyo, na serikali zilizofuata zikayarithi maarifa hayo. Mwaka wa 1977 mtunzi Byron Kawadwa, aliyeongoza jumba la taifa la michezo la Kampala, aliuawa na watu wa Idi Amin. Mwaka huo huo wa 1977, mwezi wa Novemba, serikali ya Kenya iliufutia ruhusa mchezo wa Kikuyu Ngaahika Ndeenda, ulioonyeshwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, na mwisho wa Desemba mmoja wa watunzi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o, akatiwa kizuizini. Riwaya zake zenye ukali ule ule hazikuwa zimemfunga. Ni jukwaa, tena jukwaa la lugha ya watu, lililomfunga.

Juu ya jambo linalohusika hapa, mfano ulio wazi zaidi ni wa Kampala mwaka wa 2012. Mswada wa David Bahati dhidi ya watu wa jinsia moja ulikuwa umeletwa bungeni mwaka wa 2009, na David Kato, aliyepigania haki za watu hao, alikuwa ameuawa Januari 2011. Katika hali hiyo ulitungwa mchezo The River and the Mountain, kwa Kiingereza, na Mwingereza Beau Hopkins. Ukaongozwa na Angella Emurwon, ambaye mwenyewe ni mtunzi hodari wa Uganda. Mtoaji wake akawa Mwingereza mwingine, David Cecil. Habari yake ni ya mfanyabiashara Mganda ambaye mama yake ajaribu kila njia ya kumgeuza, na ambaye mwishowe auawa na wafanyakazi wake mwenyewe. Nafasi hiyo iliigizwa na Okuyo Joel Atiku Prynce. Baraza la Habari, ambalo mwaka wa 2005 lilikwisha kuuzuia mchezo wa The Vagina Monologues, liliagiza mchezo usionyeshwe kabla ya kukaguliwa. Ulionyeshwa Agosti katika kumbi ndogo. Septemba Cecil alishitakiwa kwa kutotii amri halali. Januari 2013 mahakama iliifuta kesi, na Februari akafukuzwa nchini.

Mambo mawili yastahili kuangaliwa katika kisa hicho. La kwanza, waliotunga na kutoa mchezo walikuwa wageni, na adhabu kubwa ya mgeni ni kurudishwa kwao. Mwigizaji na mwongozaji walikuwa wenyeji, wakabaki. Mwigizaji huazima mwili wake kwa mtu wa hadithi, na watu wa mtaani hawana desturi ya kutofautisha sana kati ya mwazimaji na mwenye mali. La pili, hata mchezo huo wa ujasiri uliwekwa katika mdomo wa mtu wa kubuni. Hakuna aliyesimama jukwaani akasema: huyu ni mimi. Kwa hiyo mtu wa Afrika ya Mashariki aliyetaka kuwa mtunzi na mwigizaji wa habari hii kwa nafsi yake ilimpasa atafute jukwaa lisilo na cheti.

Binyavanga alilipata katika ukurasa. Tarehe 7 Januari 2014 Rais wa Nigeria alitia sahihi sheria kali dhidi ya ndoa na vyama vya watu wa jinsia moja, na Binyavanga, ambaye marafiki na wasomaji wake wengi walikuwa Nigeria, alieleza kwamba sheria hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma. Andiko lake halikuandikwa kama tangazo wala kama hoja. Limeandikwa kama onyesho. Mwaka ni 2000, mama amelala kitandani kwa maradhi ya kisukari, na mwana yupo kando yake, amsemesha. Kisha mwandishi akatisha, akasema kwamba hivyo sivyo ilivyokuwa. Kwa kweli yeye alikuwa Afrika ya Kusini, hati zake za ukaaji zimekwisha muda, hakuweza kusafiri, wala hakuwa amemwona mama yake kwa miaka kadhaa. Mama alifariki bila ya kumwona. Maonyesho mawili yawekwa pamoja, moja la kubuni na moja la kweli, na neno lasemwa katika lile la kubuni tu, kwa sababu ndimo alimo msikilizaji.

Wasomaji wengine waliona kwamba ni udhaifu kujitangaza kwa njia ya hadithi. Hukumu hiyo si ya haki. Mama asingeweza kuambiwa kwa njia nyingine, na mwandishi hakuwa akiwaambia wasomaji. Wasomaji walikuwa wameruhusiwa kusikia tu, kama watazamaji walioketi gizani. Siku chache baadaye alitoa maelezo yake katika filamu ya sehemu sita iliyowekwa katika intaneti, akiwa ameketi mbele ya kamera na kusema kwa mdomo wake juu ya kuziweka huru fikra za Waafrika. Hapo mtunzi akawa mwigizaji, na hapakuwa na baraza la kumwomba cheti.

Lakini neno lenyewe lilikuwa la Kiingereza, na kichwa cha andiko kinaonyesha uchaguzi wa makini. Hakutumia neno gay, ambalo lina furaha ndani yake na ndilo hupendwa na magazeti. Alichagua neno kavu la vitabuni. Neno homosexual liliundwa na Karl-Maria Kertbeny, aliyekuwa mwandishi, wala si daktari, na lilipigwa chapa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1869 katika maandiko ya Kijerumani ya kuipinga sheria ya Prussia iliyowaadhibu watu hao. Nusu yake ni Kigiriki na nusu Kilatini, kwa hiyo nalo ni la kuchanganya. Baadaye madaktari walilichukua wakalifanya jina la ugonjwa, lakini ukavu wake haukuondoka. Karibu na neno hilo kavu Binyavanga aliweka neno la kitoto la kumwitia mama, na nguvu ya kichwa chote imo katika kukutana kwa maneno hayo mawili.

Basi na mtu ajaribu kukisema kichwa hicho kwa Kiswahili. Sehemu ya mama haina shida. Kwa sehemu nyingine Kiswahili kina maneno kadhaa, na kila moja limekwisha kutoa hukumu kabla sentensi haijaisha. Hanithi latokana na mzizi wa Kiarabu wa mwanamume mwenye mwenendo wa kike, na katika Kiswahili limechukua pia maana ya mtu asiye na nguvu za kiume. Halisemi habari za mapenzi hata kidogo. Msenge ni tusi. Basha, ambalo huenda likawa ni cheo cha Kituruki kilichoharibika njiani, hutaja upande mmoja tu wa tendo. Mlawiti, pamoja na kitenzi kulawiti, latoka katika jina la Lut kwa njia ya Kiarabu, na limekuwa neno la mahakama. Hutumika hata kwa mtu aliyemnajisi mtoto, hivyo kwamba uhalifu wa nguvu na mapenzi ya watu wazima wawili vimefungwa katika neno moja. Kwa wanawake kuna msagaji, ambalo limeundwa sawasawa kutoka kusaga, na ambalo ni picha ya tendo, si jina la mtu.

Shoga lahitaji maneno zaidi. Wanawake wa pwani tangu zamani huitana shoga kwa mapenzi na heshima, na ushoga wao ni urafiki wa kusaidiana katika arusi na misiba. Neno hilo lilihamishwa kwa kejeli likapewa wanaume waliohesabiwa kuwa kama wanawake, na sasa magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi huandika ushoga kwa maana hiyo mpya peke yake. Wanawake wa Unguja na Mombasa hawajaacha kuitana hivyo, lakini mgeni wa bara akisikia hushtuka. Wengine hudai kwamba wingi wake mashoga, kama mahanithi na mabasha, waonyesha dharau kwa sababu ya ma-. Hoja hiyo haina nguvu. Mabwana na masultani nao wana ma-, na hakuna aliyewadharau kwa sababu ya kiambishi.

Siku hizi watu wa adabu husema mapenzi ya jinsia moja. Maneno haya ni safi, nayo yafaa kwa kutaja jambo. Hayafai kwa kutaja mtu. Wapenzi wa jinsia moja lazima wawe wawili. Mtu mmoja, aliye peke yake, ambaye hajampenda yeyote kwa tendo, hawezi kuitwa hivyo bila kuvunja sarufi. Na huyo hasa ndiye aliyekuwamo katika andiko la Binyavanga, maana asema kwamba alijijua tangu alipokuwa na umri wa miaka mitano, na kwamba alifika utu uzima mwingi kabla ya kuthubutu. Waganda wenye hali hiyo wamejipatia neno lao, kuchu, ambalo filamu ya mwaka wa 2012 juu ya David Kato, Call Me Kuchu, ililipeleka duniani. Kiswahili cha Kenya na Tanzania hakijapata neno ambalo wenyewe wamelichagua na wengine wakalikubali.

Haiwezi kusemwa kwamba lugha haina uwezo. Kiswahili ni hodari katika tafsida: mwanamke huwa mja mzito, hujifungua, na wazee hufariki. Mfano wa karibu zaidi ni wa UKIMWI. Ugonjwa huo ulipotokea Kagera katika miaka ya 1980 watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa, na majina mengine ya mzaha na ya hofu yalifuata. Kisha ikaundwa UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, kwa herufi za mwanzo kama wafanyavyo Wazungu, na pamoja nayo usemi wa kuishi na virusi. Neno lilikuwa kavu, na kwa sababu ya ukavu wake likaweza kutumiwa na daktari, mwalimu, shehe, padri na mgonjwa mwenyewe.

Tofauti hiyo ilionekana katika maisha ya mtu huyu huyu. Tarehe 1 Desemba 2016, siku ya UKIMWI duniani, Binyavanga alitangaza kwamba anaishi na virusi. Habari hiyo yaweza kuandikwa kwa Kiswahili katika mstari mmoja, bila tusi na bila kuzunguka. Ile ya 2014 yaweza kuandikwa kwa mstari mmoja pia, lakini mwandishi wa habari hulazimika kwanza kuchagua kati ya tusi na maelezo, na huko kuchagua kwake huwa kumekwisha kumwambia msomaji afikiri nini.

Yaliyobaki ni machache. Mwaka ule wa 2014 gazeti la Time lilimweka katika orodha yake ya watu 100 wenye nguvu duniani. Sheria ya Uganda, iliyotiwa sahihi Februari 2014, ilibatilishwa na mahakama mwezi wa Agosti kwa sababu ya hesabu ya wabunge waliohudhuria, na sheria mpya ikatiwa sahihi Mei 2023. Afya ya Binyavanga ilivunjika kwa kiharusi, na katika miaka yake ya mwisho kusema kwenyewe kulimwia vigumu. Mwaka wa 2018 Wanuri Kahiu alitoa filamu juu ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, akaiita Rafiki, neno ambalo watu wa hali hiyo hulitumia kumtambulisha mpenzi mbele ya watu. Bodi ya filamu iliipiga marufuku, na mahakama ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu.

Binyavanga Wainaina alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019, akiwa na umri wa miaka 48. Tarehe 24 Mei, siku tatu baadaye, Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu katika mashauri yaliyoomba kufutwa kwa vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vilivyorithiwa kutoka enzi ya Waingereza. Maombi yalikataliwa. Tendo ambalo vifungu hivyo hukataza huelezwa kwa Kiswahili kwa maneno kinyume cha maumbile. Mtendaji wake hapewi jina lolote humo.